Kukubaliana kwa Kifaransa na Madhara Yake kwa Mswahili wa Washington

Miongoni mwa fedheha zinazoweza kumpata mtu mzima mwenye shahada ukutani na mvi kidevuni, ni chache zinazokaa ulimini kwa muda mrefu kama ile ya kulishwa jibini lenye ukungu, kisha kuongezwa, kisha kufungiwa jingine la kwenda nalo nyumbani, na yote hayo kwa idhini aliyoitoa mwenyewe, kwa sauti ya kusikika na mbele ya mashahidi, kwa maneno aliyodhani kuwa ni ya kukataa. Fedheha ya aina hii haijapewa nafasi inayostahili katika maandishi ya Kiswahili, pengine kwa sababu walioipata wamependelea kunyamaza. Makala haya yanaichunguza kama ilivyojitokeza katika vitongoji vya Washington upande wa Maryland, na yanajaribu kueleza ni kwa utaratibu gani lugha ya watu wenye sifa ya ustaarabu inaweza kumgeuza mgeni mwenye adabu kuwa mlaji wa kitu asichokitaka.

Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa ana haki ya kuuliza Kifaransa kinatafuta nini katika mji mkuu wa Marekani. Mji wenyewe ulichorwa mwaka 1791 na Mfaransa, Pierre Charles L'Enfant, mhandisi ambaye hakuweza kamwe kukubaliana na makamishna waliowekwa juu yake, akaondoka kazini mwaka 1792, akafa fukara mwaka 1825 akiwa amehifadhiwa na marafiki huko Maryland, na mifupa yake ikakaa katika kaburi la shambani hadi mwaka 1909, ilipohamishiwa makaburi ya Arlington kwa heshima zote. Kwa hiyo ugumu wa kuafikiana kati ya Kifaransa na wenyeji wa hapa si jambo la jana. Siku hizi lugha hiyo inaletwa na watumishi wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa waliotoka Dakar na Abidjan, na Wakameruni waliojaa katika wilaya za Prince George's na Montgomery, na Wakongo wa Kivu na Katanga ambao Kiswahili na Kifaransa hukaa katika kinywa chao bila ya kugombana, na wazazi wanaowapeleka watoto wao shule ya Rochambeau huko Bethesda. Mtu wa Tanga au Lamu anayehamia katikati ya watu hawa hugundua mapema kwamba Kifaransa ndicho kinachomkaribisha kwenye harusi, kwenye matanga na kwenye lifti ya kurudia nyumbani, naye huamua kujifunza. Kinachomtia ujasiri ni hesabu ya chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kilichoko Arlington, kinachokadiria kwamba afisa wa Kimarekani anahitaji wiki 30 kukimudu Kifaransa na wiki 36 kukimudu Kiswahili, kwani aliyezaliwa ndani ya lugha ya wiki 36 hawezi kuamini kwamba ile ya wiki 30 itamshinda.

Mtu mmoja wa namna hiyo, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa ajili ya stara ataitwa hapa Mgeni, alihudhuria Jumamosi moja barza ya mazungumzo ya Kifaransa katika nyumba ya mama mmoja Mfaransa mstaafu huko Bethesda. Mada ya siku ilikuwa mambo yanayopendwa na yasiyopendwa, nayo iliteuliwa kwa sababu walimu wote wa lugha hiyo huiona kuwa rahisi, salama na isiyoweza kumdhuru mtu.

Mpango wenyewe, ukiutazama kwa utulivu na mbali na meza, ni wa kupendeza kweli. Mfaransa akisema “j'aime le café”, yaani anapenda kahawa, mwenye kupenda kama yeye hujibu “moi aussi”, na asiyependa hujibu “moi non” au “pas moi”. Lakini akisema “je n'aime pas le café”, yaani haipendi, “moi aussi” hupigwa marufuku papo hapo: anayeungana naye katika kutopenda hana budi kusema “moi non plus”, na anayetofautiana naye, yule ambaye kahawa anaipenda, hujibu kwa maneno mafupi kuliko yote, “moi si”. Hii ina maana kwamba kabla mtu hajajiunga na mwenzake ni lazima aichungulie sentensi ya mwenzake aone kama ina kikanushi, na ndipo achague jibu. Yaani haitoshi kujua kwamba watu wawili wana maoni mamoja, bali yatakiwa pia ijulikane maoni hayo yamo upande wa kukiri au upande wa kukana. Kikanushi nacho ni vipande viwili, “ne” na “pas”, vinavyokibana kitenzi mbele na nyuma, ila katika mazungumzo ya kila siku Wafaransa humeza kile cha kwanza na kusema “j'aime pas”, hivyo mwanafunzi aliyefundishwa kungoja vipande viwili hubaki akikisubiri ambacho hakitakuja, na cha pili kimekwisha kumpita.

Wala uzuri wa mpango hauishii hapo. Kuna kitenzi kingine, “plaire”, kinachofanana sana na kupendeza kwa Kiswahili, ambapo kitu ndicho kinachotenda na mtu ndiye anayetendewa, na Mfaransa akisema “ça me plaît”, yaani kinanipendeza, jibu la mwenzake si “moi aussi” bali “à moi aussi”, kwa kuwa yule aliyependezwa ni mtendewa na hana budi kuvaa kihusishi chake hata ndani ya jibu la maneno matatu. Kuna pia kile kidude kinachotangulia nomino: anayekunywa kahawa hunywa “du café”, yaani kiasi fulani, na akikana kwamba hanywi, “du” hugeuka “de”, lakini anayependa au kuchukia hutumia “le café”, kahawa yote ya ulimwengu, na akikana, “le” haitikisiki hata kidogo. Kwa sarufi ya Kifaransa, basi, kinywaji huweza kukataliwa nusu nusu, bali chuki ni ya jumla. Mwanafunzi yeyote mwenye moyo atastaajabu kwamba watu walikaa karne na karne wakayapanga haya yote ili waweze kuambiana kuwa wanapenda kitu kimoja.

Kiswahili hakijasumbuka kiasi hicho. Mtu akisema napenda, mwenzake husema hata mimi; akisema sipendi, mwenzake husema hata mimi; na wazee wa pwani wanaojali, ambao kwa kutopenda husema wala mimi, wanapungua mwaka hadi mwaka, ijapokuwa “wala mimi” ndiyo ndugu halisi wa “moi non plus” na ingefaa ifufuliwe kwa sababu hiyo tu. Kitu kizito zaidi ni “ndiyo”. Neno hili lina sehemu mbili, “ndi-” ya kusisitiza na “-yo” ya kurejelea, na maana yake ya asili ni kwamba habari ni hiyo uliyoisema. Mswahili akiulizwa “Hupendi jibini?” naye hapendi, anaweza kujibu “Ndiyo” na akaeleweka kikamilifu, kwani anathibitisha ukweli wa yale aliyoyasema muulizaji, na huo ndio utaratibu wa Wajapani pia. Mfaransa hathibitishi kauli ya mtu. Kwake “oui” hukiri jambo, “non” hulikana, na “si” hutumwa mahali pamoja tu, pale ambapo mtu mwingine ametangulia kukana au kuuliza kwa kukana na inatakiwa jambo lirudishwe upande wa kukiri.

Waingereza nao waliwahi kuwa na utaratibu wa jozi mbili za majibu, moja kwa swali la kukiri na nyingine kwa swali la kukana, na katika karne ya kumi na sita Thomas More alimkaripia William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuzichanganya. Baadaye wakachoka, wakaacha. Waarabu hawakuchoka. Neno “balā” (ambalo halina undugu na balaa, ingawa mezani siku ile yalikaa jirani) hufanya kazi ileile ya “si” ya Kifaransa, na kila mtoto aliyekaa mkekani chuoni ameipitia aya ya 172 ya sura ya Al-A'raf, ambamo wanadamu waliulizwa na Mola wao kwa swali la kukana kama Yeye si Mola wao, nao wakajibu “balā”. Walimu huongeza riwaya inayonasibishwa na Ibn Abbas kwamba lau wangejibu “na'am”, yaani ndiyo, wangekuwa wamekufuru, kwa kuwa wangeithibitisha ile “si” iliyomo ndani ya swali. Mgeni aliisoma habari hii akiwa na umri wa miaka minane, akaihifadhi, akaulizwa kwenye mtihani na kupasi. Haikumpitikia kwamba miaka arobaini baadaye, Bethesda, angeulizwa swali la muundo uleule kuhusu jibini.

Jibini lenyewe lilikuwa Roquefort, linalotengenezwa kwa maziwa ya kondoo na kuachwa katika mapango ya Roquefort-sur-Soulzon, kusini mwa Ufaransa, mpaka kuvu liitwalo Penicillium roqueforti lilitambae kwa ndani, na ambalo Wafaransa walilithamini kiasi cha kulitungia ulinzi wa kisheria mwaka 1925, kabla ya jibini jingine lolote. Kwenye sahani lilikaa kipande cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, cheupe cha krimu, chenye mishipa ya kijani na buluu iliyochanika humo kama nyufa, kikitoa jasho upande ulioelekea dirishani, na harufu yake ilikuwa ya zizi lililofungwa msimu mzima wa masika. Bibi yeyote wa Tanga angelikuta jikoni kwake angewatupia kuku, tena baada ya kufikiri. Haki inataka itajwe kwamba serikali iliyoko Washington iliwahi kuchukua hatua: mwaka 1999, katika ugomvi na Wazungu wa Ulaya juu ya nyama ya ng'ombe wenye homoni, Marekani iliitoza Roquefort ushuru wa asilimia 100. Sera za biashara za nchi hii zina lawama nyingi, lakini hiyo inastahili kukumbukwa kwa wema.

Mama mwenye nyumba aliona kwamba sahani imempita Mgeni bila ya kuguswa, akainamisha kichwa kwa huruma na kumwuliza, “Vous n'aimez pas le roquefort?” Swali lilikuwa la kistaarabu, lilimpa njia ya kutokea, na lilichokihitaji ni “non” moja tu. Mgeni, aliyefarijika kuona kwamba mama huyu mwenye busara ameyatambua mwenyewe, alithibitisha utambuzi wake kwa tabasamu na kwa “Oui, oui”, mara mbili, kwa kuwa ndiyo moja tupu pwani huhesabiwa kuwa ukavu. Kwa sikio la Kifaransa jibu hilo lilikuwa na kasoro, maana aliyependa alitakiwa aseme “si”. Lakini wenye nyumba wakarimu husamehe kasoro za wanafunzi na kushika lililo la heri, na la heri kwa Mfaransa ni kwamba mtu anapenda Roquefort. Kipande kikatua.

Adabu ikakitafuna. Kilikwenda kwa mkate mwingi na maji mengi zaidi, na ndipo mzee mmoja Mkameruni aliyeketi kulia akamnong'oneza, “J'aime pas ça.” Mgeni, ambaye kwa mara ya kwanza katika alasiri hiyo aliisikia “pas” bila ya kuingoja “ne”, alijiona amepata ndugu katika dhiki, na furaha ya kupata ndugu ikamtoa sauti kubwa kuliko aliyoikusudia: “Moi aussi!” Jibu sahihi lilikuwa “moi non plus”, na kosa hilo lingefia baina ya wazee wawili wenye kuelewana kama si wakili mmoja wa Kimarekani, upande wa pili wa meza, aliyekuwa ametoka kutamka kwa mikono yote miwili “J'adore!” Sheria ikafuata mkondo wake. “Aussi” hujiunga na kukiri, kukiri kulikokuwapo hewani kulikuwa kumoja tu, na mama mwenye nyumba akakata kipande cha pili, kikubwa kidogo, kwani cha kwanza alikikatia mtu anayependa na hiki alimkatia mtu anayeabudu.

Tukio la tatu ndilo linalowahusu wanaisimu zaidi, kwa sababu hapo Mgeni hakukosea sarufi hata chembe. Mwanamke mmoja alisema kwamba yeye hapendi jibini kali. Kijana aliyekuwa mwisho wa meza akanyanyua kiganja kuielekea sahani na kusema, “Moi, si!” Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hana namna ya kulisikia neno hilo isipokuwa kwa masikio aliyozaliwa nayo: mimi si mlaji, mimi si wa hayo, mimi simo. Sauti ni ileile, herufi ni zilezile, na kile kiganja kilichonyanyuliwa, ambacho kwa hakika kilikuwa kinaomba, kwa upande alioketi Mgeni kilionekana kama kinakinga. Basi hatimaye neno la kukataa lilikuwa limepatikana, tena fupi, tena linalofanana na la nyumbani. Mgeni alinyanyua kiganja chake, akamtazama mama usoni ili pasiwe na shaka tena, na kutamka kwa lafudhi ambayo baadaye ilisifiwa na wote, “Moi, si! Moi, si!” Hakuna kauli katika lugha ya Kifaransa inayokiri kwa nguvu kuliko hiyo, kwa kuwa humtangaza msemaji kuwa mpenzi wa kitu mbele ya wanaokikana. Mama aliguswa. Alisema kwamba ni nadra kumpata mgeni wa Kiafrika mwenye mapenzi ya namna hii, akakiacha kisu, akakichukua kipande chote kilichosalia, akakifunga katika karatasi ya nta na kumkabidhi amfikishie mkewe. Kijana wa mwisho wa meza hakupata kitu.

Ilipopitishwa keki ya matofaa, ambayo Mgeni alikuwa ameikodolea macho tangu saa nane, alisema “merci” kwa tabasamu pana, na kwa kuwa “merci” peke yake mbele ya sahani inayotolewa huweza kuhesabiwa kuwa ni asante sitaki, keki ikaendelea na safari yake.

Kutoka Bethesda hadi Silver Spring, anakokaa Mgeni, ni mwendo mfupi kwa gari, lakini treni ya njia Nyekundu humteremsha abiria hadi katikati ya Washington na kumpandisha tena upande wa pili, na njia mpya ya kuviunganisha vitongoji hivi moja kwa moja, iliyoanza kujengwa mwaka 2017, bado inajengwa. Mtu aliyepakata Roquefort katika behewa lililofungwa hupata hivyo muda wa kutosha wa kuwatazama abiria wakihama viti. Kulila ili liishe hawezi, hata akitaka, kwani kula ndani ya treni na stesheni zake ni kosa: mwezi Oktoba 2000, katika stesheni ya Tenleytown kwenye njia hiyohiyo, msichana wa miaka 12 alifungwa pingu kwa kula chipsi moja, chakula ambacho Wamarekani kwa sababu zao hukinasibisha na Ufaransa, na kesi yake ilipofika mahakama ya rufaa hukumu ya mwaka 2004 iliyowapa ushindi waliomkamata iliandikwa na John Roberts, ambaye sasa ni Jaji Mkuu wa nchi. Nyumbani swali lililomsubiri lilikuwa la Kiswahili na halikuwa na utata: “Baba watoto, hiki umepewa au umeadhibiwa?”

Matukio mengine ya Mgeni yanaweza kutajwa kwa haraka. Ofisini alimwambia mwenzake wa kike kwamba anampenda kwa maana ya kumkubali, akasahau kuweka “bien”, neno ambalo kwa vitu huelekea wastani na kwa watu hupunguza mapenzi yakawa urafiki, na tangu siku hiyo mwenzake hula chakula cha mchana ghorofa nyingine. Aliambiwa kwamba insha yake ni “pas mal”, yaani si mbaya, akahuzunika wiki nzima kwa sifa ambayo Wafaransa hawaitoi ovyo.

Hayo yote ni ya kuchekesha kwa sababu gharama yake ni jibini. Kuna watu katika miji hiihii ambao gharama yao si hiyo, na hapo utafiti huu hauna budi kuacha mzaha kidogo. Sheria ya lugha iliyopitishwa na Washington mwaka 2004 inazitaka ofisi za mji ziwahudumie watu kwa lugha zao, na maandishi ya ofisi hizo hutafsiriwa hasa kwa Kihispania, Kiamhari, Kichina, Kikorea, Kivietinamu na Kifaransa. Ni sheria njema. Mwaka huohuo Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia wakuu wenzake wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili huko Addis Ababa, lakini habari hiyo haikuvuka bahari, na katika orodha ile Kiswahili hakimo. Anayekihitaji huombewa mkalimani wa simu, akiwapo. Kwa vitendo, mama aliyetoka Bukavu au Uvira, au mzee aliyekulia Buyenzi huko Bujumbura, akifika dirishani na kutaja nchi yake, karani huangalia nchi, haangalii mtu, na huandika Kifaransa. Kwamba katika Kongo Kifaransa ni lugha ya shule na mahakama, na kwamba mama huyu alitolewa shule darasa la tatu na maisha yake yote ya soko, kanisa na kilio yamekwenda kwa Kiswahili na Kishi, si jambo ambalo fomu huliuliza. Hupewa simu, na ndani ya simu mna Mfaransa.

Maswali ya hospitali, kwa bahati mbaya, yana tabia ya kukana. Nesi anayetaka kumaliza huuliza kwa namna ya kutarajia jibu, na mkalimani mwaminifu huyapeleka kama yalivyo: huna mzio wa dawa yoyote, sivyo? Hunywi dawa nyingine? Huna mimba? Mama husema “Oui”, akimaanisha kwamba ni hivyo hasa, sina, sinywi, sina, na kila “oui” yake huandikwa kwenye tarakilishi kama kukiri. Anaweza kutoka hapo akiwa na mzio ambao hajawahi kuwa nao, ananyimwa dawa inayomfaa, na kumbukumbu hiyo humfuata kila aendako kwa miaka, kwani mashine hizo husahau kwa shida. Akirudi kulalamika huambiwa kwamba aliulizwa kwa lugha yake. Hakuulizwa kwa lugha yake. Aliulizwa kwa lugha ya shule aliyotolewa, na aliyepaswa kulijua hilo analipwa mshahara.

Wapo waliojipatia kinga. Mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge Langley Park, mtu ambaye hajawahi kukaa katika barza ya Bethesda na asiyejua kwamba kuna elimu iitwayo isimu, alimweleza Mgeni utaratibu wake kwa maneno machache: “Papa, miye sijibu oui wala non. Narudilia tu neno lao.” Akiulizwa kama hapendi, husema sipendi, “j'aime pas”, akiulizwa kama hana, husema sina, “j'ai pas”, kitenzi kinarudi na kikanushi chake mgongoni, na hakuna mkalimani wala mwenye nyumba mkarimu anayeweza kukigeuza. Huo ni utaratibu wa Kiswahili kamili, ambao watu wa pwani nao wanao tangu zamani, pale wanapojibu “Umekula?” kwa “Nimekula” bila ya kugusa ndiyo wala hapana, na Mgeni angeliutumia siku ile mambo yangeishia kabla ya kipande cha kwanza. Tatizo lake ni kwamba fomu ya nesi ina visanduku viwili tu, kimoja cha “oui” na kimoja cha “non”. Mama wa vitenge husema “j'ai pas”, mkalimani hunyamaza kidogo, kisha nesi, ambaye ana wagonjwa wengine nje na si mtu mbaya, humwomba kwa upole, kupitia simu, ajibu kwa neno moja.